Kukomaza Tangi la Maji ya Chumvi Ukiwa Mwanza: Hatua kwa Hatua Kabla ya Samaki wa Kwanza

Ujumbe ninaoupata mara nyingi una sura moja. Mtu amenunua tangi, amelijaza, maji yanang'aa, samaki wawili wameletwa kwa ndege kutoka Dar es Salaam, na siku ya nne au ya tano wamelala ubavu. Swali linalofuata ni hili: "Niliuziwa samaki wagonjwa?"

Mara nyingi jibu ni hapana. Samaki walikuwa wazima. Tangi ndilo lilikuwa bado.

Samaki hutoa amonia mchana na usiku kupitia matamvua yake. Baharini amonia hiyo hupotea kwenye maji mengi, lakini ndani ya kioo haina pa kwenda. Kinachomwokoa samaki ni bakteria wanaoishi juu ya mawe, mchanga na filta. Kundi la kwanza hula amonia na kuacha nitriti. Kundi la pili hula nitriti na kuacha nitreti, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi. Tangi jipya halina makundi haya, au wamo wachache mno. Kukomaza tangi ni kuwalea wazaliane hadi watoshe, na kazi hiyo huchukua wiki nne hadi sita. Ukianza na mawe makavu, jiandae kwa wiki nane.

Wenzangu mliowahi kufuga samaki wa maji baridi (yasiyo na chumvi), someni hapa mara mbili. Maji ya bahari yana pH (kipimo cha asidi: kikipanda, asidi imepungua) ya 8.0 hadi 8.4, na pH ikipanda, sehemu kubwa zaidi ya amonia huwa katika umbo lake lenye sumu kali. Kutoka pH 7.2 hadi 8.2, sehemu hiyo huongezeka karibu mara kumi. Kiasi ambacho sato angekivumilia kwenye tangi lake la maji baridi kinaweza kumchoma matamvua samaki wa miamba ya bahari kwa siku chache tu. Nilipoanza, nilipoteza samaki wawili kwa kuamini macho. Maji yalikuwa meupe, na amonia haina rangi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujagusa maji

Vipimo hivi ni vya tangi la lita 100. Usianze na dogo zaidi ya hapo, kwa sababu kosa dogo kwenye maji machache hugeuka kubwa haraka.

- Tangi la kioo na meza imara. Kama ni la fundi vioo, hakikisha silikoni haina dawa ya kuzuia ukungu (ile ya bafuni huwa nayo), na iache ikauke wiki nzima kabla ya kulijaribu kwa maji ya kawaida.
- Chumvi maalumu ya akwariamu ya bahari, kilo 4 za kujazia na angalau kilo 4 za akiba.
- Maji yaliyochujwa, lita 100 na ziada ya kufidia yanayopotea kwa mvuke.
- Mawe makavu ya matumbawe, kilo 10 hadi 12.
- Mchanga wa matumbawe au wa makombe, kilo 10.
- Pampu mbili za kuzungusha maji. Moja ikifa usiku, nyingine inabaki.
- Hita ya wati 100 na kipimajoto cha kujitegemea.
- Pampu ya hewa inayotumia betri, pamoja na jiwe la hewa (kile kijiwe chenye vitundu kinachotoa mapovu).
- Refraktomita ya kupimia chumvi.
- Vipimo vya matone vya amonia, nitriti, nitreti na pH vinavyofaa maji ya chumvi. Vile vya karatasi achana navyo.
- Chakula cha bakteria: kloridi ya amonia, au samaki mbichi. Nitaeleza.
- Pipa la plastiki la kuwekea chakula la lita 100 na ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni.
- Daftari na kalamu.

Samaki hayumo kwenye orodha hii. Usimlipie mtu wa Dar hata kwa "nitunzie" mpaka ufike Hatua ya 8. Ukishalipa, utaanza kuharakisha.

## Hatua ya 1: Mahali

Lita moja ya maji ni kilo moja na zaidi kidogo. Ongeza mawe, mchanga na kioo, na tangi la lita 100 litafika karibu kilo 150. Weka mbali na dirisha la jua, juu ya meza uliyoikagua kwa pima maji pembe zote nne.

Chumvi hutambaa. Huruka na mapovu, hukauka kwenye waya, na huingia kwenye soketi. Kwa hiyo soketi ikae juu zaidi kuliko sehemu ya chini ya waya: acha kila waya uning'inie kwanza, kisha upande kwenye plagi, ili tone likiteremka lidondoke chini kabla ya kufika kwenye umeme. Usiweke ekstensheni sakafuni chini ya tangi.

Umefanikiwa ikiwa: tangi lililojazwa maji ya kawaida limekaa siku mbili bila kuvuja na maji yako sawa kwenye kingo zote.

## Hatua ya 2: Mawe na mchanga

Mwanza ni jiji la mawe, na kila mtu ananiuliza kwa nini nimwambie aagize mawe kutoka Pwani. Mawe yetu ni matale, jamii ya lile Jiwe la Bismarck linalosimama majini. Ni magumu na hayana vitundu. Hayana sumu, ila bakteria watapata uso wa nje tu wa kuishi. Jiwe la tumbawe la kale, kama lile walilojengea nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, limejaa vitundu vidogo ndani na nje, na ni chokaa, hivyo husaidia kidogo pH isishuke.

Nunua lililochimbwa nchi kavu. Usivunje wala usinunue tumbawe lililotolewa baharini likiwa hai. Ni uharibifu wa mahali samaki wanapozaliana, na sheria inalilinda.

Jaribu jiwe kwa siki kali: tone likitoa povu dogo, ni chokaa. Kataa jiwe lenye saruji, rangi au doa la kutu. Sugua kwa brashi bila sabuni, loweka kwenye maji safi siku tano hadi saba ukibadilisha maji kila siku, kisha nusa. Jiwe likinuka uozo, endelea kuloweka.

Mchanga wa ziwani au wa ujenzi sikushauri. Unakuja na tope na uchafu unaooza, na hausaidii lolote kwenye pH. Osha mchanga wa matumbawe mpaka maji ya ndoo yatoke karibu meupe.

Panga mawe kwanza, yakae juu ya kioo cha chini, ndipo umwage mchanga kuyazunguka. Ukianza na mchanga, siku samaki atakapochimba, jiwe litaporomoka na kupasua kioo. Acha nafasi kati ya mawe ili maji yapite.

Umefanikiwa ikiwa: ukitikisa jiwe la juu kwa vidole viwili halichezi.

## Hatua ya 3: Maji

Una vyanzo vinne na vitatu vina kasoro.

Maji ya ziwa yanayochotwa moja kwa moja yana mwani na mbolea nyingi. Tangi lako litakuwa la kijani kabla halijakomaa. Maji ya mvua yaliyopita kwenye bati huweza kubeba madini ya zinki. Maji ya bomba yametiwa klorini ili sisi tusiugue, na klorini hiyo hiyo inaua bakteria unaotaka kuwalea.

Yanayofaa ni maji yaliyochujwa kwa mashine, yale yanayouzwa kwenye madumu ya lita 20. Muulize muuzaji kama anarudishia madini baada ya kuchuja. Kama una kipimo cha TDS (jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini), kisizidi 20.

Ukilazimika kutumia ya bomba, yaache kwenye pipa wazi na jiwe la hewa likifukuta kwa saa 24 hadi 48, au tumia dawa ya kuondoa klorini kwa kipimo kilichoandikwa. Yatakubali, lakini tegemea mwani zaidi baadaye.

## Hatua ya 4: Chumvi

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, na sababu zao zina mantiki, ndiyo maana nataka tukae hapa kidogo.

Mmoja anasema: "Maji ya bahari ni maji yenye chumvi. Chumvi ipo dukani." Ni kweli kwamba sodiamu na kloridi ndizo sehemu kubwa, karibu asilimia 86 ya madini yaliyoyeyuka baharini. Lakini samaki na bakteria wanategemea pia zile asilimia 14 zilizobaki: magnesiamu, salfeti, kalsiamu, potasiamu na bikaboneti. Bila bikaboneti, pH itaporomoka katikati ya kukomaza, kwa sababu bakteria wa amonia hutengeneza asidi wakati wa kula.

Mwingine anasema: "Mimi natumia chumvi ya mawe kutoka mashamba ya Lindi, hiyo imetoka baharini kabisa." Imetoka baharini, lakini haikutoka yote. Maji yanapokaushwa kwa jua, kalsiamu hutangulia kutuama, kisha chumvi ya kula huganda, na magnesiamu hubaki kwenye maji machungu ambayo mkulima wa chumvi huyamwaga. Kilichofika kwenye gunia ni chumvi ya kula tu. Ile ya pakiti yenye madini joto ina hadithi hiyo hiyo, na mara nyingine ina kitu cha kuzuia isigandamane.

Basi tuagize maji yenyewe kutoka Bahari ya Hindi? Fanya hesabu. Lita 100 za bahari ni zaidi ya kilo 100 kwenye basi, safari ya zaidi ya kilomita elfu moja, na kila mara utakapobadilisha maji utarudia. Chumvi ya akwariamu kwa maji hayo hayo haifiki kilo 4, na mzigo wake unaushusha stendi ya mabasi ya Nyegezi kwa mkono mmoja.

Namna ya kuchanganya:

1. Jaza pipa maji yaliyochujwa lita 90. Weka pampu moja ndani na hita.
2. Maji yakifika nyuzi 24 au 25, anza kumwaga chumvi kidogo kidogo. Chumvi iende kwenye maji. Ukimwaga maji juu ya chumvi, madini huganda pamoja na kuacha unga mweupe usioyeyuka tena.
3. Kadiria gramu 36 hadi 38 kwa lita. Kwa lita 90 hizo ni kama kilo 3.2 hadi 3.4, kwa kuwa chumvi huvuta unyevu hewani.
4. Acha izunguke saa 24.
5. Pima. Unatafuta 35 kwa elfu (gramu 35 za chumvi katika kila kilo ya maji hayo), yaani uzito linganishi, ukilinganisha na maji matupu, wa karibu 1.026. Ikizidi, ongeza maji. Ikipungua, ongeza chumvi.

Refraktomita ya bei nafuu hudanganya ikirekebishwa kwa maji matupu. Hapo ndipo chumvi ya jikoni inapopata kazi: yeyusha gramu 36.5 za chumvi kavu kwenye gramu 963.5 za maji yaliyochujwa. Mchanganyiko huo unapaswa kusomeka 35. Usiposomeka hivyo, zungusha skrubu mpaka usomeke. Mzani wa jikoni wa dijitali unatosha.

Onyo: usichanganye chumvi ndani ya tangi lenye kiumbe chochote. Leo halina kitu, lakini tabia ya pipa ianze sasa.

Umefanikiwa ikiwa: maji hayana ukungu, chini ya pipa hakuna unga, na vipimo viwili vilivyopishana kwa saa sita vinafanana. Ndipo uyahamishie tangini.

## Hatua ya 5: Joto, hewa na umeme

Miongozo mingi imeandikwa na watu walio usawa wa bahari. Sisi hatupo huko. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, na mgandamizo wa hewa hapa ni pungufu kwa zaidi ya asilimia 10. Oksijeni inayoweza kuyeyuka majini hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Kisha kumbuka kwamba maji ya chumvi hubeba oksijeni pungufu kuliko maji baridi, kama moja ya tano. Jumlisha hayo mawili, uone kwa nini pampu iliyomtosha mtu wa Tanga hapa inaweza kukuangusha.

Bakteria wetu ni walaji wa oksijeni. Elekeza pampu moja juu, uso wa maji uwe unavunjika muda wote, usiwe umetulia kama uji uliopoa. Jiwe la hewa liwashwe tangu siku ya kwanza. Mfuniko uwe na uwazi.

Joto liwe nyuzi 26. Watu huniambia Mwanza hakuna baridi, hita ya nini? Usiku wa Juni na Julai joto la nje hushuka chini ya 20, na chumba chenye upepo wa ziwa hufuata. Bakteria hawafi kwa baridi hiyo, ila huzaliana polepole, na wiki sita zako huwa kumi. Hita ilale chini ya usawa wa maji, karibu na pampu. Izime kila unapotoa maji, la sivyo kioo chake kitapasuka.

Taa zima. Bakteria hawahitaji mwanga, mwani unauhitaji.

Kuhusu umeme, usiombe usikatike. Panga kana kwamba utakatika usiku wa manane. Pampu ya hewa ya betri inayojiwasha yenyewe ndiyo kinga ya kwanza. Kama una inveta au sola, unganisha pampu ya kuzungusha kwanza; hita inaweza kusubiri saa kadhaa. Filta ya kopo lililofungwa ndiyo ya hatari zaidi: ikizimika, bakteria waliomo ndani humaliza oksijeni, hufa na kuoza. Ikikaa zaidi ya saa mbili au tatu, ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji kwa maji ya tangi, ndipo uwashe. Kwa sababu hiyo mimi napendelea mawe mengi na filta ya wazi ya kuning'iniza.

Maji yakipungua kwa mvuke, ongeza maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi. Mvuke huondoka na maji tu na kuacha chumvi. Chora mstari mdogo kwenye kioo kwa kalamu ya wino usiofutika, ufidie kila siku hadi hapo.

Umefanikiwa ikiwa: siku tatu mfululizo joto halijacheza zaidi ya nyuzi moja, na chumvi haijabadilika.

## Hatua ya 6: Kuwalisha bakteria

Tangi tupu bila chakula halikomai hata likizunguka mwaka mzima. Wapo walionisimulia kwamba waliacha maji miezi miwili "yapumzike", kisha samaki wakafa. Bakteria hawakulishwa.

Njia ya kwanza, na ninayoipenda: kloridi ya amonia. Hupatikana kwenye maduka ya kemikali za maabara. Yeyusha gramu 6 kwenye lita moja ya maji yaliyochujwa. Andika chupa kwa herufi kubwa na iweke mbali na watoto. Mililita 1 ya mchanganyiko huu kwa kila lita ya tangi hupandisha amonia kwa miligramu 2 kwa lita. Tangi la lita 100 lenye mawe mara nyingi hubakiwa na lita 80 za maji, basi ni mililita 80. Pima baada ya saa moja uhakikishe imesoma 2.

Kama utapata amonia ya kusafishia, itikise chupa: povu likibaki, ina sabuni, iache. Na amonia ya aina yoyote isikutane na dawa ya klorini ya kufulia. Hewa itokayo hapo inaua.

Njia ya pili: samaki mbichi. Chukua kipande cha sangara kutoka soko la samaki la Mwaloni Kirumba, ukubwa wa kidole gumba kwa lita 100, kiweke kwenye kipande cha soksi ya nailoni na ukining'inize majini. Kisiwe kayabo wala cha kuvuta moshi. Chumvi na moshi vimewekwa ili kisioze, na wewe unataka kioze. Pima kila siku, na amonia ikifika 2, kitoe. Njia hii inafanya kazi, ila huwezi kuiamuru: siku tatu kimya, ya nne imeruka hadi 6. Harufu nayo ipo.

Usizidishe. Amonia ikipita 5, bakteria wenyewe huanza kudumaa, na hasa lile kundi la pili. Ikifika huko, badilisha nusu ya maji.

Ukimjua mtu mwenye tangi la chumvi lililokomaa, mwombe jiwe dogo au sponji ya filta yake, uibebe ikiwa imelowa, ifike siku hiyo hiyo. Hiyo inaweza kukupunguzia wiki mbili au zaidi. Sponji ya tangi la maji baridi haitasaidia sana. Bakteria wa chupa wako wazuri na wako waliokufa njiani kwa joto la mzigo. Ukiwatumia, usifupishe vipimo kwa ajili yao.

Njia ya tatu, ya kutumbukiza samaki wa bei nafuu "wafungue njia", siifundishi. Unamchoma kiumbe matamvua kwa wiki nne ili kuokoa gharama ya chupa moja. Na kijana aliyeniuliza kuhusu kutumia vifaranga vya sato: maji ya bahari humkausha samaki wa maji baridi, humnyonya maji mwilini mpaka afe.

## Hatua ya 7: Kupima na kusubiri

Pima amonia na nitriti kila baada ya siku mbili, saa ile ile. Suuza kichupa cha kupimia kwa maji ya tangi, hesabu matone ukiwa umesimamisha chupa wima, subiri dakika zilizoandikwa, kisha soma rangi karibu na dirisha mchana. Chini ya balbu ya njano kila kitu huonekana salama. Andika.

Sura ya kawaida ni hii.

Wiki ya kwanza hadi ya pili, amonia inakaa pale pale. Hakuna kinachoonekana. Hapa ndipo watu hukata tamaa, na kumbe bakteria wanaongezeka kimya kimya. Usiongeze kitu.

Karibu wiki ya pili au ya tatu, nitriti inajitokeza na amonia inaanza kushuka. Kundi la kwanza limefika. Amonia ikishuka chini ya 0.5, lisha tena, safari hii nusu ya kipimo, yaani mililita 0.5 kwa lita.

Kisha nitriti inapanda mpaka rangi inagota mwisho wa kadi ya rangi iliyokuja na kipimo. Punguza maji ya kupimia: changanya sehemu moja ya maji ya tangi na nne za maji yaliyochujwa, pima, zidisha kwa tano. Ikipita 5, acha kulisha mpaka ishuke. Usihangaike na kipimo cha nitreti wakati huu, kwa kuwa nitriti nyingi hukifanya kisome juu kuliko ukweli.

Ghafla, mara nyingi ndani ya siku chache kati ya wiki ya nne na ya sita, nitriti inaporomoka. Utalala ikiwa zambarau na kuamka ikiwa bluu ya anga. Mimi bado hufurahi kila ninapoiona.

Katikati unaweza kuona vumbi la kahawia kwenye mchanga na kioo. Ni aina ya mwani wa tangi changa, hauna madhara. Ukungu mweupe wa siku mbili tatu nao hupita wenyewe. Usibadilishe maji kwa ajili ya hivyo, usioshe filta, usitie dawa.

Kazi ikikwama zaidi ya wiki mbili, kagua kwa mpangilio huu:

- pH. Ikiwa chini ya 7.8, badilisha robo ya maji kwa maji mapya ya chumvi. Chini ya 7 kazi hupungua sana.
- Joto na mwendo wa maji. Pampu imeziba?
- Amonia au nitriti zimezidi 5? Badilisha nusu.
- Fosforasi. Wanaotumia maji yaliyochujwa sana, mawe makavu na kloridi ya amonia pekee hukosa kirutubisho hiki, na bakteria hawagawanyiki bila hicho. Dawa iko jikoni kwako: dagaa mmoja mkavu asiye na chumvi, umsage, utie unga wa kubana kwa vidole viwili. Nimeona tangi lililolala wiki tatu likaamka ndani ya siku nne.

## Hatua ya 8: Jaribio la saa 24

Amonia na nitriti zikisoma sifuri, bado hujamaliza. Sifuri inaweza kumaanisha wamekula, au hakuna cha kula.

Tia kipimo kamili, mililita 1 kwa lita. Pima baada ya saa moja, isome 2. Rudi kesho saa ile ile.

Umefanikiwa ikiwa: baada ya saa 24 amonia ni sifuri na nitriti ni sifuri, na siku ya pili ukirudia unapata jibu lile lile. Rangi ya "karibu sifuri" haijafika. Subiri siku tatu, rudia.

Waliotumia samaki mbichi nao wafanye jaribio hili kwa amonia ya chupa. Ukikosa kabisa, weka kipande kipya na ufuatilie siku tano. Nitriti isionekane hata mara moja.

Sasa ndiyo siku ya kupiga simu Dar.

Kama samaki watachelewa, lisha nusu kipimo kila baada ya siku mbili au tatu. Usiwaache bakteria na njaa mwezi mzima ukidhani tangi limeshakomaa milele.

## Hatua ya 9: Kusafisha nitreti na kumpokea samaki

Nitreti itakuwa juu, labda 50 au zaidi. Badilisha nusu ya maji, na urudie kesho yake ikibidi, mpaka iwe chini ya 20. Maji mapya yawe na joto na chumvi sawa na ya tangi. Lisha mara ya mwisho saa 24 kabla ya samaki kufika, uhakikishe amonia ni sifuri.

Samaki aliyesafiri siku nzima amekaa kwenye amonia yake mwenyewe. Ndani ya mfuko pH imeshuka, kwa hiyo amonia hiyo imelala. Ukifungua na hewa kuingia, pH hupanda na sumu huamka. Usimwache kwenye mfuko uliofunguliwa kwa saa nzima. Elea mfuko uliofungwa dakika 20, fungua, pima chumvi ya maji yake. Kama tofauti ni ndogo, mhamishe kwa wavu mara moja. Maji ya mfuko yamwage chooni, yasiingie tangini.

Anza na samaki mmoja au wawili wadogo. Bakteria wako ni wengi kwa kadiri ulivyowalisha, na watahitaji muda kuzoea kila mgeni. Taa izimwe siku hiyo. Chakula kidogo sana kesho yake, kile kinachoisha ndani ya dakika mbili.

Pima amonia na nitriti siku ya 1, 2, 3, 5, 7, 10 na 14. Samaki anayehema haraka karibu na uso wa maji anakuambia kitu kabla ya kipimo. Angalia pampu na hewa kwanza, kisha pima. Amonia ikionekana hata 0.25, acha kulisha na ubadilishe theluthi moja ya maji siku hiyo hiyo. Hilo haliwezekani kama chumvi bado iko kwenye mfuko na maji yako kwenye dumu, kwa sababu kuchanganya kunataka saa 24. Kwa hiyo tangu asubuhi ya siku anayofika samaki wa kwanza, pipa liwe limejaa pembeni ya tangi, 35 kwa elfu, nyuzi 26, pampu ikizunguka ndani.